Kuinua sakafu ya sainasi kabla ya kupandikiza gego la juu: mwongozo wa mgonjwa, hatua kwa hatua

Umeenda kuuliza habari ya kupandikiziwa gego la juu ulilong'olewa miaka kadhaa iliyopita. Daktari ametazama picha, ameirudia tena, kisha akasema: "Mfupa hautoshi. Itabidi tuinue sainasi kwanza." Wengi hutoka pale wameshika karatasi ya gharama mkononi na hofu ya kupasuliwa uso moyoni. Mimi hukaa upande wa pili wa kiti, nikishika mrija wa kufyonza mate na damu huku daktari akifanya kazi yake. Nilichokiona ni kwamba mgonjwa huyamudu vizuri yale ya kwenye kiti. Mambo huharibika kwa maswali ambayo hayakuulizwa kabla, na kwa pua ambayo haikuchungwa baadaye. Mkato uko mdomoni, lakini kwa wiki mbili zinazofuata kazi yako ni pua.

Jua kwanza kinachoinuliwa ni nini

Weka kidole shavuni, chini ya jicho, kando ya pua. Nyuma ya mfupa huo mwembamba kuna chumba chenye hewa, kimoja kila upande, kinachofunguka puani kwa tundu dogo. Hiyo ndiyo sainasi ya taya la juu. Kwa mtu mzima chumba kimoja huchukua kiasi cha mililita 12 hadi 15, kama kijiko kimoja cha chakula. Sakafu yake iko juu tu ya mizizi ya magego, na ndiyo maana mtu mwenye mafua makali huhisi magego ya juu yote yanauma.

Gego likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi. Hupungua kutoka chini, na sainasi nayo hushuka kutoka juu, kwa hiyo mfupa unaliwa pande mbili. Ukikaa na pengo miaka mingi, kati ya ufizi na chumba cha hewa huweza kubaki milimita 2 au 3 tu. Kipandikizi cha kawaida ni skrubu ya titani yenye urefu wa milimita 8 hadi 12. Hapo hakina pa kushika.

Upasuaji huu hubandua taratibu utando unaoifunika sainasi kwa ndani, ukausogeza juu, na nafasi inayopatikana chini yake ikajazwa chembechembe za mfupa. Shavu halipasuliwi kwa nje na hakuna kovu linalobaki usoni. Hilt Tatum, daktari wa meno wa Alabama nchini Marekani, aliianza njia hii katikati ya miaka ya 1970, na Philip Boyne na Robert James wakaichapisha mwaka 1980. Ni kazi iliyokwisha kufanywa kwa miongo mingi, wala hujaribiwi.

Hatua ya kwanza: omba namba

Picha ya taya nzima, ile OPG unayosimama mashine ikakuzunguka kichwa, inatosha kuonyesha kwamba kuna tatizo. Kupanga upasuaji kunahitaji CT ya meno, yaani CBCT, inayoonyesha mfupa kwa urefu, upana na kina. Usikubali kupangiwa tarehe kwa OPG peke yake.

Picha ikiwa kwenye kioo, muulize daktari: "Mfupa wangu uliobaki ni milimita ngapi?" Swali hili dogo hubadilisha mazungumzo yote. Kwa kawaida, ukiwa na milimita 8 au zaidi huenda huhitaji kuinuliwa chochote. Ukiwa na 5 hadi 8, mara nyingi sakafu huinuliwa kidogo kupitia shimo lilelile la kipandikizi, njia iliyoelezwa na Robert Summers mwaka 1994, na kipandikizi huwekwa siku hiyohiyo. Chini ya 5, wengi hufungua dirisha ubavuni mwa taya. Hapo kipandikizi kinaweza kuwekwa papo hapo ikiwa kuna mfupa wa kukishika kisitikisike. La sivyo unasubiri miezi. Mipaka hii si sheria iliyochongwa kwenye jiwe na daktari mzoefu anaweza kuivuka, ila akueleze kwa nini anaivuka.

CT hiyohiyo huonyesha mambo mengine matatu ya kuulizia: kama kuna kuta ndogo ndani ya sainasi, mshipa wa damu unapita wapi ubavuni, na kama utando umenenepa au kuna usaha. Usaha ukionekana, unatibiwa kwanza, pengine kwa daktari wa masikio, pua na koo. Upasuaji unangoja.

Hatua ya pili: uliza kama unauhitaji kweli

Hapa nitasema wazi, kwa sababu naona watu wakikopa fedha kwa jambo ambalo wangeweza kuliacha. Kuna vipandikizi vifupi vya milimita 6 hivi. Kuna daraja linaloshikwa na meno ya jirani. Kuna meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Na kuna kuacha pengo lilivyo. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya Watanzania waliopoteza magego ya nyuma. Walikuta kwamba waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa wakitafuna vya kutosha. Kama pengo lako ni gego moja la nyuma kabisa na unakula nyama bila shida, hiyo ni hoja ya kuweka mezani mbele ya daktari.

Ikiwa magego yamekwisha pande zote, au unatafuna upande mmoja hadi taya linachoka, basi safari hii ina maana yake.

Hatua ya tatu: sema ukweli wote wa mwili wako

Usifiche kitu kwa kuogopa kukataliwa. Taja kisukari na upime HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Kikizidi asilimia 8, madaktari wengi huahirisha. Taja presha. Taja dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au aspirini, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe: anayeamua ni daktari aliyekuandikia. Taja kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani, kwa sababu taya la mtu huyo linaweza kukataa kupona kabisa. Taja mionzi ya kichwa na shingo. Taja mafua yasiyoisha, mzio wa vumbi, na ute unaoshuka kooni kila asubuhi.

Sigara iachwe angalau wiki mbili kabla, na isirudiwe katika miezi ya kupona. Ugoro wa kunusa una madhara ya aina mbili: tumbaku yenyewe, na chafya zinazofuata.

Kisha taja kazi yako, hata kama hakuna aliyeuliza. Mvuvi anayezamia pweza au majongoo, mpiga tarumbeta wa harusini, mpiga zumari, mchukuzi wa mizigo sokoni, mwalimu wa kuogelea: hawa wote hutia presha kwenye sainasi kila siku. Mita 10 chini ya maji presha huwa mara mbili ya ile ya ufukweni. Mzamiaji asipange upasuaji huu msimu wake wa kazi unapoanza, maana atakaa nje ya maji kwa miezi.

Hatua ya nne: uliza mfupa unatoka wapi

Wagonjwa wengi hujua habari hii baadaye, na wengine wanaumia moyoni. Chembechembe zinazojazwa zinaweza kutoka mahali pa namna nne. Kuna mfupa wako mwenyewe, unaokwanguliwa nyuma ya taya la chini, kidevuni, au mara chache nyongani. Kuna mfupa wa binadamu aliyefariki akautoa, uliosafishwa kwenye benki ya mifupa. Kuna mfupa wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, wakati mwingine nguruwe. Na kuna uliotengenezwa kiwandani kwa madini ya kalisi na fosfeti. Juu ya dirisha huwekwa kipande cha utando wa kolajeni, na huu nao mara nyingi ni wa ng'ombe au wa nguruwe.

Kama wewe ni Mwislamu, Mhindu, Msabato, au una msimamo wako tu, uliza mapema kuhusu chembechembe na kuhusu utando, vyote viwili. Nimeona mtu akiuliza habari ya mfupa, akajibiwa ng'ombe, akaridhika, na asikumbuke kuuliza utando. Omba kusoma kisanduku. Chaguo mbadala lipo karibu kila mara, ila linaagizwa, na kuagiza kunataka siku.

Hatua ya tano: kalenda na mfuko

Omba makadirio ya gharama yaliyochambuliwa kipengele kwa kipengele: CT, upasuaji, mfupa, utando, skrubu, kiunganishi (kipande kinachounganisha skrubu na taji), taji la juu (jino lenyewe linaloonekana), dawa, na mahudhurio ya baadaye. Ukipewa namba moja ya jumla, utaongezewa njiani. Uliza pia: utando ukipasuka tukalazimika kurudia, nani analipa? Bima nyingi za afya huyaweka mambo haya nje, kwa hiyo pata jibu la bima yako kwa maandishi.

Tarehe usiiweke ndani ya Ramadhani, kwa sababu ya vidonge vya mchana na ya kusukutua. Usiiweke wiki ya mtihani wala ya harusi, maana shavu litavimba. Wanaokwenda India au Uturuki kwa ajili ya meno wazingatie kwamba safari ni mbili na zinapishana kwa miezi, na kwamba madaktari wengi humtaka mgonjwa asipande ndege kwa wiki mbili hivi baada ya kuinuliwa sainasi. Tiketi ya kurudi siku ya tatu ni tiketi mbaya. Kisha jiulize: nyuzi atazitoa nani ukisharudi nyumbani, na kukiwa na usaha utampigia nani?

Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda, isipokuwa umeambiwa utapewa dawa ya usingizi. Wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi tu, sawa na ya kung'olea jino, na kazi ya upande mmoja huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Utasikia mtikisiko na maji, lakini maumivu makali hupaswi kuyasikia. Ukiyasikia, inua mkono wa kushoto na uongezewe ganzi.

Daktari hukata ufizi, akaukunja kando, kisha akachonga dirisha dogo kwenye mfupa wa ubavuni kwa keekee au kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachokata mfupa na kuacha nyama laini. Mfupa ukishakuwa mwembamba, rangi ya utando huanza kuonekana kwa nyuma, kijivu chenye ubluu. Ndipo chumba kizima hunyamaza. Dirisha likifunguka, utando unaonekana ukipanda na kushuka kwa kila pumzi ya mgonjwa. Menya yai bichi ganda gumu kidogo kidogo, uone ile ngozi nyembamba inayobaki inatikisika bila kupasuka: ndivyo ulivyo, na madaktari wengi hujifunzia kwenye mayai kweli. Unaweza kuwa mwembamba kuliko milimita 1. Daktari hupenyeza vijiko vidogo vilivyopinda, butu, akiukwangua mfupa na kuubandua utando, kutoka ukingoni kuelekea ndani. Usimharakishe, na wewe pumua polepole. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, inua mkono kwanza.

Utando hupasuka kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 katika tafiti nyingi, hata mikononi mwa mabingwa. Tundu dogo hujikunja lenyewe au hutiwa kiraka cha kolajeni, na kazi ikaendelea. Tundu likiwa kubwa, daktari mwema husimama, hushona, na kukuambia urudi baada ya miezi kadhaa. Akikuambia hivyo, mheshimu. Kulazimisha chembechembe ndani ya utando uliopasuka ni kuzimwaga kwenye sainasi, na hapo unakaribisha usaha.

Wiki mbili za pua

Hapa ndipo ninapowasihi wagonjwa. Chini ya utando ule kuna chembechembe ambazo bado hazijashikana, kama mchanga uliofunikwa kitambaa. Presha yoyote kutoka puani au mdomoni inausukuma.

Usipenge kamasi kwa wiki mbili kamili, na daktari akisema nne, ziwe nne. Futa tu kwa kitambaa. Chafya ikija, fungua mdomo wazi kabisa uiachie itokee huko. Usibane pua hata kidogo. Kaa mbali na jiko pilipili inapokaangwa, na moshi wa kuni pia. Mwenye mzio aombe dawa yake mapema. Usinywe kwa mrija, usiteme mate kwa nguvu, usipulize puto wala moto wa mkaa. Ndoo ya maji kichwani, gunia, mtoto mzito mgongoni, vyote vingoje. Ukiinama kufunga viatu, piga magoti badala ya kushusha kichwa. Kula papai na kunywa maji mengi, kwa sababu kukaza chooni nako kunapandisha presha kichwani.

Kwa Waislamu kuna jambo ambalo karatasi za hospitali hazilitaji. Katika udhu mtu hupandisha maji puani na kuyapenga, na huko ndiko kupenga tunakokukataza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna. Kusujudu nako kunashusha kichwa chini ya moyo siku ambazo shavu limejaa damu. Mweleze shehe wako hali yako kabla ya siku ya upasuaji, akuelekeze namna ya kuswali kama mgonjwa, ili usije ukaamua mwenyewe alfajiri na damu inatoka.

Mengine ni mepesi. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 kisha pumzika 20. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Vidonge vya antibayotiki vimalize hata kama unajisikia mzima. Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi ya uvuguvugu, ukiyaachia yazunguke yenyewe mdomoni na kuyaacha yadondoke. Kula uji, mtori, ndizi laini na supu isiyochoma, na utafune upande mwingine. Meno ya bandia yanayokandamiza pale usiyavae hadi daktari ayarekebishe. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na damu kidogo puani siku ya kwanza ni kawaida, hata chembe moja mbili za mfupa zikidondoka.

Piga simu siku hiyohiyo ukiona damu isiyokoma baada ya kubana shashi kwa nusu saa, homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha au harufu mbaya puani upande mmoja, chembechembe nyingi zinazodondoka, au maji unayokunywa kutokea puani. Jicho likivimba, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, usipige simu: nenda hospitali. Na ukiwa umegongwagongwa taya kwa nyundo ndogo kwa njia ya kupitia shimo la kipandikizi, kisha ukapata kizunguzungu kila ukigeuka kitandani, usijitibu malaria. Mara nyingi ni chembe za sikio la ndani zilizohama, na daktari huzirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu.

Miezi ya kusubiri

Mfupa hukomaa kwa miezi 4 hadi 9, kutegemea aina ya chembechembe na ukubwa wa nafasi iliyojazwa. Hutahisi kitu, na hapo ndipo watu hupotea. Rudi kila tarehe uliyopewa. CT ya pili ikionyesha mfupa umeshika, skrubu huwekwa, unangoja tena miezi kadhaa, kisha linakuja taji. Zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi vilivyowekwa hivi huwa vimesimama baada ya miaka 3, na wanaovipoteza mara nyingi ni wavutaji sigara na wasiosafisha. Mswaki na uzi wa kusafishia meno ni kwa maisha yote.

Siku utakayovalishwa taji, omba karatasi yenye aina ya mfupa, jina la kipandikizi, kipenyo na urefu wake, na namba ya toleo. Ipige picha, na ile yenyewe uiweke pamoja na kadi yako ya kliniki. Miaka kumi baadaye kiunganishi kikilegea ukiwa mji mwingine, daktari wa huko hataweza kuchagua bisibisi sahihi bila karatasi hiyo. Na ukienda kwa daktari wa pua kwa mafua sugu, mwonyeshe kabla hajakupiga picha, ili ule weupe atakaouona chini ya sainasi asiudhanie ugonjwa.